Picha ya Mzee Isomwe na Mzee Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Naam, lakini hawakutuambia litakuwaje neno hilo iwapo wazee wapo, wamekaa, wameulizwa, wakajibu, kisha walichojibu kikachukuliwa kikaenda zake wasijue kilikoishia. Jambo hilo limenikaa moyoni tangu niliporejea kutoka Nakuru, na leo naomba, ndugu msomaji, unisikilize kwa subira niliseme.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amefanya makao Section 58, mtaa ulio mashariki ya mji wa Nakuru, si mbali na barabara kuu iendayo Nairobi. Nilikwenda kumtazama, nikakaa majuma matatu. Mimi ni mtu wa pwani, na baridi ya alfajiri ya kule si rafiki yangu. Walakini jua likishapanda hutoka nje kutafuta watu wa kuzungumza nao, maana mtu aliyelelewa barazani hawezi kushinda ndani akitazama kuta. Nikawapata. Palikuwa na kioski, na mbele yake kivuli cha mti, na kivulini wazee watano: wanaume watatu na wanawake wawili, wote wamenizidi umri. Mmoja alikuwa mstaafu wa reli, mwingine mwalimu mstaafu, wa tatu alifanya kazi mashambani tangu ujana wake. Katika wanawake, mmoja aliuza mboga sokoni hadi magoti yalipomkataza, na wa pili ni mjane aliyekuwa akilea wajukuu wawili.

Walipojua kwamba mimi ni mwandishi, mstaafu wa reli alinigeukia akaniambia, "Ndugu yangu wa Mombasa, watu wamepita hapa na mafomu, tena si mara moja. Wametuuliza umri, wametuuliza maji, wametuuliza choo. Wametupiga na picha tukiwa tumekaa hivi hivi. Hebu tuambie wewe uliyesoma: picha hizo ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nami, nikisema kweli, niliona haya, kwa kuwa katika miaka yangu ya kuandika magazetini nimepiga picha za wazee wengi na sikumbuki niliyemrudishia yake.

Basi nikawaeleza habari ya njia moja ya utafiti ambayo humpa kamera yule anayechunguzwa, badala ya kumwelekezea. Katika miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake 62 wa vijijini katika jimbo la Yunnan huko China, wapige wenyewe mambo ya maisha yao, kisha wakae pamoja wayaeleze. Mmoja wa wanawake hao alionyesha mama anapalilia shamba la mahindi na mtoto wake mchanga amelala peke yake kando. Mtaalamu wa mjini angepita hapo akaona mandhari nzuri ya shamba. Wanawake wenyewe waliona kwamba hakuna wa kumwachia mtoto. Picha za namna hiyo, pamoja na maneno ya wenyewe, zilisaidia kuwasukuma wakubwa wa jimbo kufikiri juu ya malezi ya watoto, wakunga na masomo ya wasichana.

Nikawapa na kisa cha zamani zaidi, alichokisimulia Augusto Boal, bwana wa michezo ya kuigiza kutoka Brazili. Mwaka 1973 alikuwako Peru katika mpango wa kufundisha kusoma na kuandika uliofuata mafundisho ya Paulo Freire. Huko Lima watu waliulizwa, "Unyonyaji ni nini?" wakaambiwa wajibu kwa picha. Mtoto mmoja akaleta picha ya msumari ukutani. Wakubwa hawakufahamu kitu. Watoto wenzake wote walifahamu. Wao walikuwa wang'arisha viatu wakikaa mbali na mji, na sanduku la kazi lilikuwa zito kubebwa kila siku, hivyo walikodi msumari katika duka la mtu walitundike usiku. Msumari ule ulikuwa ukila pesa zao. Lau mtoto yule asingepewa nafasi ya kusema, picha yake ingetupwa kama picha iliyoharibika.

Hapa kwetu Kenya pia si jambo geni. Mwaka 1997 Lana Wong, pamoja na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, aliwapa vijana wa Nairobi kamera ndogo za plastiki, na mwaka 1999 picha zao zikatoka kitabuni. Lakini angalia, msomaji: tuliwapa vijana. Mzee aghalabu hubaki kuwa mtu wa kupigwa picha. Hukalishwa kitini, akaambiwa ashike bakora vizuri atazame huku.

Wazee wale wakasema, "Basi na sisi tujaribu." Nasema mapema kwamba huu haukuwa utafiti, wala mimi si mtafiti. Yalikuwa mazungumzo ya jioni. Wawili walikuwa na simu za kisasa walizorithi kwa watoto wao, na watatu walikuwa na zile ndogo tuziitazo mulika mwizi, kwa hiyo waliazima. Tukakubaliana swali moja: ni kitu gani hukuzuia kutoka nyumbani? Kila mtu apige picha tatu katika juma moja, kisha tukutane hapo hapo chini ya mti.

Juma likaisha tukakutana. Mstaafu wa reli alileta picha ya kidato cha mlango wa matatu. Akasema mguu wake haufiki tena pale bila kushikwa mkono, na makanga hana subira ya kumshika mtu mkono. Mwalimu alileta mtaro uliowekewa kipande cha mbao kuwa daraja, na mbao yenyewe imeoza upande mmoja. Mambo hayo hata mimi mgeni niliyaona.

Kisha mama wa mboga akatoa simu. Picha yake ilikuwa ukuta mfupi wa saruji mbele ya jengo, na juu yake vigae vya chupa vimepandwa. Nikautazama, nikadhani anazungumzia wezi. Akacheka. "Hapana, baba. Hapo ndipo nilipokuwa nikikaa." Akaeleza kwamba kutoka kwake hadi steji ya matatu magoti yake hayamfikishi kwa mwendo mmoja. Alikuwa na kituo chake, ukuta ule, akapumzika dakika kumi kisha akaendelea. Mwenye jengo alichoshwa na vijana waliokuwa wakikaa pale usiku, akapanda chupa. Hakumkusudia mama. Lakini tangu siku ile mama hakwenda tena zahanati peke yake, na siku ambayo hapana wa kumsindikiza, haendi kabisa.

Huo ndio msumari wa Lima, nikausikia Section 58. Fomu gani ingeuliza habari za ukuta? Ungemwuliza, "Je, zahanati iko mbali?" angejibu, "Hapana, iko karibu," na karani angeandika kwamba mama huyu hana shida ya kufika hospitali.

Sasa nije kwenye ubaya, maana simu ina mazuri na ina yake. Mjane alikuwa amepiga picha mbili nje na moja ndani. Ile ya ndani hakutuonyesha. Alisema, "Hii nimeipiga, lakini sitaki ionekane." Tukanyamaza, tukaheshimu. Kumbe tulikuwa tumechelewa. Mjukuu wake, katika kumsaidia shosho wake kuhifadhi picha, alikuwa amekwisha kuzituma zote katika kundi la WhatsApp la ukoo. Usiku ule ule simu zilianza kulia kutoka Nairobi na kutoka ng'ambo: kwa nini mama analala hivyo, nani amemwacha, pesa tulizotuma zilikwenda wapi? Wanawe wakagombana. Mama wa watu alikaa siku mbili bila kutoka nje. Aliponiona tena aliniambia maneno machache tu: "Nilikuwa nikiifikiria kwanza."

Msomaji, maneno hayo nimeyabeba hadi Mombasa. Kamera ya zamani ilikuwa na uvivu wake, na uvivu ule ulikuwa rehema. Filamu ilikaa ndani ya kamera mpaka iishe, ikapelekwa kuoshwa, ikarudi katika bahasha, na katika muda huo mtu alipata kuifikiria. Simu haina bahasha. Picha hupigwa, na kufumba na kufumbua imefika Doha. Tena simu huandika saa iliyopigwa picha, na ikiwa imeruhusiwa huandika na mahali. Mzee hajui kwamba picha ya mtaro imebeba na anwani ya mlango wake.

Nilipokuwa mtoto nilisoma chuoni, chuo cha Korani, kwa ubao. Mwalimu aliandika, au baadaye tuliandika wenyewe, kisha kila mtoto akasimama mbele ya mwalimu akasoma kwa sauti alichoandikiwa. Hakuna mtoto aliyesomewa ubao wake na mwingine. Ukishauhifadhi moyoni, uliuosha kwa maji, ukawa mweupe, tayari kwa somo jingine. Nilikuwa nikidhani kwamba ule ulikuwa umaskini wa karatasi. Leo naona kulikuwa na adabu ndani yake: kilichoandikwa husomwa na mwenyewe, tena kwa sauti, na mwenyewe ndiye anayeosha.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Picha ya mzee ni ubao wake. Simu, mtandao na mikutano ya mbali ni wino tu. Mtafiti anayewapa wazee simu akakusanya picha, kisha akakaa ofisini kuzieleza yeye, hajafanya jambo jipya. Amewatuma wazee wamfanyie kazi ya kupiga picha, basi. Na yule asiyempa mzee uwezo wa kuiosha picha yake amemvua nguo kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ni baya kuliko fomu.

Najua kuna watakaosema wazee hawawezi simu, tuwaache na bakora zao. Hasha! M-Pesa ilipokuja mwaka 2007, wazee hao hao walijifunza kupokea pesa kwa simu, kwa kuwa palikuwa na haja. Shida ya mzee haiko kichwani. Iko kwenye vidole vilivyokauka kwa jembe hata kioo cha simu hakivisikii, kwenye macho ambayo herufi ndogo humponyoka, na kwenye mkono unaotetemeka picha ikatoka ukungu. Zaidi ya yote iko hapa: mzee humwachia mjukuu simu, humwachia na namba ya siri, na kwa hiyo humwachia na uamuzi. Sisemi wajukuu ni wabaya. Yule wa mjane alikuwa mtoto mwema aliyetaka kusaidia. Lakini anayemshikia mzee simu ameshika mdomo wake, na yafaa afundishwe hivyo kabla ya kufundishwa kitufe cha kubonyeza.

Wako na watakaosema kwamba nakuza jambo dogo, picha ni picha. Hao nawakumbusha historia yetu. Wakoloni walipotunga sheria ya kipande mwaka 1915, na kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alitiwa alama za vidole akaning'inizwa karatasi yake shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Wanawake walingojea hadi mwaka 1978 ndipo sheria ikabadilishwa, nao waandikishwe. Bibi yangu mzaa mama alipigwa picha mara moja tu maishani, nayo ni ile ya kitambulisho. Nyumbani Mombasa palikuwa na watu waliokwenda studio wakapigwa kwa mapazia na maua, lakini yeye hakutaka, aliona sura ya mtu si kitu cha kutawanywa. Basi picha iliyobaki duniani ya mwanamke yule aliyejua utenzi mzima kwa moyo ni moja, naye ndani yake ametoa macho kama aliyeshikwa. Hakuichagua, hakuieleza, hakuweza kuiosha. Wazee wetu wametazamwa na kamera za watu wengine maisha yao yote. Leo tukiwaambia, "Sasa shika wewe," ni lazima tuwe tunamaanisha.

Sheria hazikosekani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inaitaka serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima, na mzee kwa katiba hiyo ni mtu aliyezidi miaka 60. Kifungu cha 31 kinalinda faragha. Mwaka 2019 ikapitishwa sheria ya kulinda data, na mwaka 2023 kamishna wake aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Ikiwa mtu aliyekwenda kustarehe usiku ana haki hiyo, mjane aliyepiga picha ya kitanda chake hana?

Basi natoa rai yangu kwa watafiti, kwa vyuo na kwa ofisi za kaunti, na si rai nzito. Kwanza, picha isitoke katika simu ya mzee kwenda popote mpaka mzee ameisema mbele ya wenzake na akakubali itoke, na aulizwe mara mbili, siku mbili mbali mbali, maana leo mtu hukubali kwa haya na kesho akajuta. Pili, bando na chaji zilipiwe na anayetafuta habari. Mpango wa Inua Jamii ulioanza mwaka 2018 kuwalipa wote waliofika miaka 70 uliwapa Sh2,000 kwa mwezi, na hizo ni za unga na dawa, si za kutuma picha kwa msomi. Tatu, watu wakutane uso kwa uso panapowezekana. Wakati wa korona mwaka 2020 watafiti wengi walihamia mtandaoni kwa kuwahofia wazee, na walikuwa na udhuru. Lakini chini ya mti ule, mama aliposema habari ya ukuta, mzee wa mashambani alidakia, "Kumbe na wewe? Mimi hukaa kwenye jiwe la kona!" Neno hilo halizaliwi pale ambapo kila mtu ni kichwa ndani ya kidirisha na sauti inakatikakatika.

Nne, na hili ndilo kubwa, picha irudi. Irudi kwa mzee, ikiwa imechapishwa karatasini aishike, na iende mbele ya wenye uwezo pamoja na maneno yake. Wataalamu wa njia hii wana maswali yao mazuri: unaona nini hapa, ni nini hasa kinachotendeka, kinahusianaje na maisha yetu, kwa nini hali hii ipo, na tutaifanyia nini? Nimeona wengi huishia swali la nne. La tano hubaki kwenye makabati ya vyuo.

Si mbali na Section 58 kuna kilima cha Hyrax, ambako Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937 ili ajue watu wa kale waliishi vipi. Nilikwenda nikakitembelea, na ni kazi ya kuheshimiwa. Wale wa kale hawawezi tena kusema, ndiyo maana wanachimbuliwa. Lakini walio chini ya mti wangali hai, na Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, inajengwa upya mbele ya macho yao. Tusiwangojee wawe mifupa ndipo tuwaulize walikuwa wakipumzika wapi.

Utataka kujua mambo yaliishaje. Mama wa mboga alikwenda mwenyewe kwa mwenye jengo, simu mkononi, akamwonyesha ukuta wake akamweleza. Yule bwana alikaa kimya, kisha akaomba apewe muda. Nilipoondoka vigae vilikuwa bado vipo. Wazee wamekubaliana kwamba picha tatu, ya kidato, ya mtaro na ya ukuta, wazichapishe wazipeleke wenyewe kwenye mkutano wa wadi wa maoni ya bajeti. Kwetu pwani baraza ni mahali pa kukaa nje ya nyumba, na kule bara baraza ni mkutano wa chifu. Nadhani picha hizo zimehitaji baraza zote mbili. Ya mjane haimo. Aliifuta, nami nilimshikia miwani wakati akitafuta pa kubonyeza. Nimemwandikia ubeti huu, akaniruhusu niutoe:

Mkono wa kizamani, leo simu umeshika,
Umepiga ya nyumbani, na ya njia kuchimbika,
Usiitie kapuni, ikisha kuchapishika,
Irejeshe barazani, apate kuitamka.